Nyumba Huvuliwa Kabla ya Kupambwa

Hotuba kwa wenye nyumba, madalali na mafundi, Mjini Unguja

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa masheha mliokuja kutoka shehia za mjini na za mashamba, wazee wangu, madalali wenzangu, mafundi, na nyinyi wenye nyumba ambao ndio hasa mkutano huu umeitishwa kwa ajili yenu: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuitayarisha nyumba ili impendeze mnunuzi. Kabla sijaingia katika maneno yenyewe, ni haki yenu mjue nimeyatoa wapi. Mimi sikuanza na nyumba; nilianza na vyumba vya maharusi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiitwa siku mbili tatu kabla ya harusi kwenda kupamba chumba cha bibi harusi: kutandika kitanda cha samadari, kutundika mapazia, kumwaga asumini na vilua juu ya mito, kupanga vioo, mrashi na chetezo. Kazi ile ina kanuni moja, nayo ni kujaza. Chumba cha harusi kikibaki na pahala patupu, watu watasema wazee wa bibi harusi wana mkono wa birika. Nilipoingia katika udalali niliichukua kanuni hiyohiyo nikaipeleka kwenye nyumba zinazouzwa, na kwa muda wa miaka miwili nikawa nashangaa kwa nini watu wanasifu mapambo yangu, wanakunywa chai yangu, kisha wanaondoka bila ya kuuliza bei.

Nilichochelewa kukifahamu ni hiki: bibi harusi huingia chumbani akijua kwamba chumba ni chake na vyote vilivyomo vimewekwa kwa jina lake, lakini mnunuzi huingia akiwa mgeni, na kila kitu cha mwenye nyumba anachokiona, kuanzia viatu vilivyopangwa kwenye daka mpaka picha ya mjukuu siku aliyomaliza skuli, kinamkumbusha kuwa yeye ni mgeni. Atakaa kwa adabu, atasifu, atashukuru, na moyoni mwake hatahamia. Kwa hiyo nyumba ya kuuzwa huanza kwa kuvuliwa, na kuipamba kunakuja baadaye, tena kidogo tu. Na sehemu kubwa ya maneno yangu ya leo itakuwa juu ya kuvua.

Huko Marekani jambo hili limekuwa fani kamili yenye mafunzo na vyeti vyake. Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake ni mwanamke mmoja aitwaye Barb Schwarz, ambaye alikuwa mpambaji wa nyumba kabla ya kuwa dalali, na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuzipanga nyumba za wateja wake kabla ya kuzionesha. Siku hizi kwao kuna makampuni yanayoihamisha fanicha yote ya mwenye nyumba na kuleta nyingine ya kukodi, ikakaa humo mpaka nyumba iuzwe. Yapo ya kuchukua katika desturi hiyo, hasa huko kupunguza vitu, na yapo ya kuyaacha hukohuko. Kwetu mnunuzi haji na mkewe peke yake. Anakuja na mama yake, shangazi yake, na fundi wake, na wakati shangazi anaitizama jikoni na mama anauliza majirani ni akina nani, fundi yule amekwisha kuinama pembeni anagonga ukuta kwa ukucha. Fanicha ya kukodi haimzuii fundi kugonga.

Naanza basi na ukuta, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotaka kuanza na rangi. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, kuta zake zikiwa na unene wa nusu mita au zaidi, na chokaa yenyewe ni mawe hayohayo yaliyochomwa katika tanuri kisha yakazimwa kwa maji. Ukuta wa namna hii unapumua. Huvuta unyevu kutoka ardhini wakati wa masika na huutoa taratibu wakati wa jua, kama mtu anavyotoka jasho, na madhali njia ya kutokea iko wazi, unyevu huo hauna ubaya mkubwa. Tatizo huingia pale tunapoufunika kwa plasta ya saruji na juu yake tukapaka rangi ya mafuta. Saruji imebana, unyevu haupati pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, hufika kwenye vichwa vya boriti na kuviozesha, na ile chumvi iliyomo ndani ya matumbawe huisukuma plasta mpaka ikatuna na kuanguka vipande vipande. Mwenye nyumba akiona hivyo husema saruji haikutiwa ya kutosha, akaongeza nyingine.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilipewa nyumba ya kuuza katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, na humo mlikuwa na chumba kilichopakana na choo, ambacho ukuta wake ulikuwa na doa la unyevu lenye ukubwa wa mkeka wa kusalia. Ulikuwa mwezi wa Februari, jua kali, doa limefifia. Nilimwita kijana akatia mikono miwili ya rangi, mimi nikaweka kabati mbele yake na chano cha maua juu ya kabati, na nyumba ikauzwa kabla ya mwezi kumalizika. Katikati ya Aprili mnunuzi alinitumia ujumbe niende. Alikuwa mzee mwenye umri wa baba yangu. Hakunipandishia sauti hata kidogo. Baada ya kusalimiana alinipeleka mpaka kile chumba, akaniambia, "Tia mkono hapa, mwanangu." Nikatia. Rangi ilikuwa imetuna, laini kama utando wa maziwa yaliyopoa, na nilipobonyeza maji yakateremka mpaka kwenye kiwiko changu.

Nikamwambia, "Nisamehe, baba. Nilijua."

Akanijibu, "Najua kwamba ulijua. Ungeniambia ningeinunua vilevile, ila kwa bei yake."

Nyote mliopita chuo cha Qurani mnaikumbuka habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji chini ilhali juu ni kukavu, na mfanyabiashara alipodai kwamba ni mvua iliyokinyeshea, akamuuliza kwa nini basi hakukiweka kilichorowa juu ili watu wakione. Mimi niliisoma habari hiyo nikiwa mtoto wa miaka minane au tisa, na nikaielewa siku ile, mkono wangu ukiwa umerowa katika nyumba ya mtu. Nilirudisha udalali wangu wote ili umsaidie kumlipa fundi, na tangu hapo, nyumba yoyote ninayoikubali kuiuza, jambo la kwanza ninalomwambia mwenyewe ni kwamba palipo na doa hapawekwi kabati.

Sasa, ukuta uliougua unatibiwaje? Kwanza hutafutwa maji yanakotoka, kwa sababu si unyevu wote unaotoka ardhini. Mara nyingi ni mlizamu uliopasuka, au bomba la choo lililopitishwa ndani ya ukuta ambao haukujengwa kwa ajili ya bomba. Hilo likishatengenezwa, plasta ya saruji hubanduliwa mpaka juu ya mstari wa unyevu, na ukuta huachwa wazi ukauke, nao hauna haraka. Baadaye ndipo fundi hupiga plasta ya chokaa kwa matabaka membamba, akiliacha kila tabaka lishike kabla ya kuweka jingine, na mwisho hupaka maji ya chokaa mara tatu au nne. Ukuta huo hautakuwa umenyooka kama kioo. Utakuwa na mawimbi madogo ambayo mwangaza wa asubuhi huyaonesha, na kwa maoni yangu hakuna rangi ya dukani inayoshinda uzuri huo.

Kwa sababu hiyo mimi huwashauri wenye nyumba za mawe wahesabu misimu. Anayetaka kuuza aanze kazi mwezi wa Disemba, kaskazi inapoanza, ili ukuta upate mpaka Machi kukauka. Masika yakija, yaani kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, aiache nyumba inyeshewe, na yeye azunguke kila asubuhi akitizama dari na pembe za kuta, kwani masika ni mkaguzi asiyelipwa na asiyepokea kitu chini ya meza. Kinachovuja kitavuja mbele yake, si mbele ya mnunuzi. Kisha Juni, kusi ikivuma, hali ya hewa imepoa, watu wetu walioko nje wanarudi kwa likizo, na nyumba imeshapita mtihani, hapo ndipo afungue mlango. Najua mtasema hiyo ni miezi sita. Ni miezi sita kweli. Lakini nyumba nyingi zinazotundikwa kibao kwa pupa hukaa na kibao hicho miaka miwili.

Na tusidhani kwamba wanunuzi hawajui. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la kale la hapa Mji Mkongwe lililosimama tangu 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku ile nimeona mabadiliko kwa macho yangu: mtu akiingia katika nyumba ya mawe, kabla hajauliza idadi ya vyumba, anatizama juu kwenye boriti. Mwenye nyumba aliyeziacha boriti zake wazi, akazisugua, akabadilisha zilizoliwa na mchwa na kuonesha risiti ya fundi, amekwisha kulijibu suali hilo. Aliyezificha kwa dari la mbao nyembamba lenye taa za kumetameta amelizidisha. Niongeze kwamba Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ukarabati wowote wa jengo hauanzi bila ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kibali hicho kiwekeni katika faili la nyumba, kwa sababu mnunuzi mwenye akili atakiulizia.

Nyumba za matofali, ambazo ndizo nyingi kwa sasa kutoka Ng'ambo mpaka nje ya mji, zina maradhi mengine ambayo nitayapitia upesi. Pale ilipotumika mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi hula nondo zilizomo ndani ya zege, na zege huanza kumwaga maganda. Hilo nalo si la rangi. Ni la fundi. Zaidi ya hapo nyumba ya tofali ni nyepesi kutayarishwa: huoshwa, hupakwa rangi moja ya mwanga mle ndani badala ya rangi nne katika vyumba vinne, na bati lenye kutu hubadilishwa.

Tukitoka katika ukuta twende mlangoni. Mlango wa nakshi ndio uso wa nyumba zetu, na inasikitisha kuona jinsi tunavyoupaka vanishi nyeusi kila mwaka mpaka maua yaliyochongwa na fundi wa zamani yanakuwa kama yamechovywa katika lami. Uvuliwe vanishi hiyo taratibu, bila ya msasa wa mashine ambao hula nakshi, kisha upakwe mafuta ya kitani. Njumu za shaba zisuguliwe kwa ndimu na jivu au kwa ukwaju kama walivyofanya bibi zetu, na asitokee mtu wa kuzing'oa na kuziuza mbalimbali. Nimeliona hilo likifanyika, na mlango ulibaki na matundu kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Baraza iliyopo mbele ya mlango ina thamani ambayo wauzaji wengi hawaihesabu. Ikiwa imekatika ukingo, izibwe kwa chokaa. Ikiwa imegeuzwa kuwa stoo ya madumu na baiskeli mbovu, viondolewe. Lakini wazee wanaocheza bao hapo msiwafukuze kwa sababu mnunuzi anakuja! Mmoja kati ya wateja wangu aliwaomba wazee wa mtaa wahamie ng'ambo ya njia kwa siku moja, na mnunuzi alipofika na kuikuta njia tupu, suali lake la kwanza lilikuwa: mtaa huu una nini, mbona hakuna watu?

Ndani, shida yetu kubwa ni upana. Boriti ni mti wa mkoko, hauchukui uzito ukizidi urefu wake, na kwa hivyo vyumba vya nyumba za zamani ni virefu lakini upana wake ni takriban mita tatu. Katika chumba kama hicho mtu ameweka kochi la kisasa la watu wanne, meza ya kioo, kabati la televisheni linalofika dari, na zulia lililokunjwa nusu kwa sababu halikuenea. Mnunuzi akiingia anageuka ubavu ili apite. Chumba hakina kosa lolote, kimebebeshwa. Mimi huondoa nusu ya fanicha bila ya kuuliza ni ipi nzuri zaidi, nikaangalia tu ipi inaziba njia na ipi inaziba dirisha, na kinachobaki nakiegemeza kwenye kuta ndefu ili jicho lipate kwenda mpaka mwisho wa chumba bila ya kugonga kitu. Mkeka mmoja wa ukindu uliosukwa vizuri, wa Pemba khasa, unafanya kazi ambayo mazulia matatu hayaiwezi. Zidaka zile zilizomo ukutani, ambazo wengi wamezijaza chupa za dawa, chaja za simu na kalenda za miaka iliyopita, zisafishwe na ziachwe na kitu kimoja kila moja: bakuli la kauri, au mrashi, au ziwe tupu kabisa.

Wanaoniuma moyo zaidi ni wenye nyumba waliozeeka nazo. Kumwambia mama wa miaka sabini atoe picha ya marehemu mumewe ukutani si jambo dogo, na kijana wa udalali anayelisema hivihivi, amesimama, na simu mkononi, anastahili jibu analolipata. Mimi hukaa nao kwanza. Huwaambia kwamba picha haitolewi, inatangulia tu kuhamia kule wanakokwenda wao, na huzifunga mimi mwenyewe ndani ya kanga. Aya za Qurani zilizotiwa fremu hubaki pale ziliponing'inizwa ikiwa zimetulia mahali safi, kwa kuwa mnunuzi wetu hazimfanyi mgeni. Zilizofifia kwa jua hushushwa kwa heshima. Na kwa kuwa kibla chetu hapa visiwani ni kaskazini, chumba chenye ukuta mtupu upande huo kiachwe hivyo na kitandikwe msala mmoja. Shangazi ataona, hata kama hatasema.

Niseme kidogo juu ya harufu, nikijua kwamba nitagombana na baadhi yenu. Sisi ni watu wa udi. Hata hivyo siku ya kuonesha nyumba mimi hukataza udi, na ubani vilevile. Nyumba ikifukizwa kwa nguvu, mnunuzi Mzanzibari, ambaye amekulia ndani ya moshi huohuo na anajua bibi yake aliufukiza lini na kwa sababu gani, atajiuliza kinachofunikwa ni nini: ni choo, ni popo darini, au ni ukuta? Fungueni madirisha tangu alfajiri, mwageni maji uani na kuyasugua, toeni magodoro juani siku mbili kabla, mkitaka wekeni kikuba cha asumini kwenye sahani. Nyumba isiyokuwa na harufu yoyote ndiyo inayoaminika.

Maji na umeme si mapambo, ila huangaliwa kabla ya mapambo. Tangi lililoko juu lisafishwe na lijazwe, kila mfereji ufunguliwe mbele ya mgeni, na mita ya Tukuza, ile ya kulipia umeme kabla, iwe na umeme ndani yake, kwani nimewahi kumpandisha mteja ghorofa ya tatu saa kumi na mbili za magharibi, tukasimama naye gizani huku mwenye nyumba anatafuta mtoto wa kumtuma dukani akanunue uniti. Mteja aliteremka kwa kushika ukuta. Hakurudi.

Ndugu zangu wa Pemba mliokuja leo mtaniuliza haya ya boriti na matumbawe yanawahusu nini, nanyi nyumba zenu za Wete, Chake Chake na Mkoani nyingi zina uwanja mpana na mikarafuu nyuma. Kwenu nyumba huuzwa na uwanja. Uwanja uliofagiwa kwa ufagio wa chelewa asubuhi na mapema, ile michirizi ikabaki juu ya mchanga, unamwambia mtu mengi kuhusu aliyekaa hapo. Matawi ya chini ya miembe yakatwe ili hewa ipite na nyumba ionekane kutoka njiani. Kisima kifunikwe na kamba yake iwe mpya. Na sakafu ya kuanikia karafuu, kama ipo, isigeuzwe pahala pa kuegesha pikipiki. Mkiwa na bahati ya kuuza wakati wa mavuno, acheni karafuu zianikwe kama kawaida. Harufu hiyo ndiyo pekee ninayoisamehe.

Kuna jambo jengine linalonilazimu kuzungumzia sheria kwa ufupi, kwa kuwa linabadilisha namna tunavyopamba. Wapo wenye nyumba waliosikia kwamba mnunuzi mwenye pesa ni mgeni kutoka Ulaya, wakaifanya sebule ionekane kama hoteli ya ufukweni: makuti ndani ya nyumba yenye bati, vipande vya ngalawa ukutani, chandarua kilichofungwa fundo kubwa kama kilemba. Sasa, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, anachokuwa nacho mtu ni haki ya matumizi, haki hiyo ni ya Mzanzibari, na uhaulishaji wake, yaani kuihamishia kwa mtu mwengine, hupitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Mgeni anaweza kukodishwa ardhi kwa ajili ya uwekezaji, na sheria ya mwaka 2010 ilimfungulia njia ya kununua fleti, ndiyo maana mnaona majengo mapya ya Fumba. Nyumba ya aila yenye ua na kisima ina uwezekano mkubwa wa kununuliwa na mtoto wa mtaa wa pili, au na Mzanzibari anayefanya kazi Muscat ambaye mama yake anataka kurudi kukaa karibu na msikiti alioujua. Huyo ukimwekea ngalawa sebuleni atacheka. Na pia atauliza warithi ni wangapi, wote wameridhia au la, na kama mirathi imeshagawiwa. Majibu hayo yawe tayari kwa maandishi kabla ya rangi kununuliwa, kwani nyumba yenye ndugu mmoja aliyenuna haiuziki hata ikipakwa dhahabu.

Huyo wa Muscat, tena, ataiona nyumba kwanza kwa picha zilizotumwa kwa WhatsApp. Pigeni picha asubuhi, saa tatu au saa nne, jua linapoingia uani lakini halijafika katikati. Simameni pembeni mwa chumba na simu iwe usawa wa kifua. Msitumie ile lenzi ya simu inayokifanya chumba cha mita tatu kionekane ukumbi wa mikutano, kwa sababu mama yake atakwenda kukipima kwa hatua zake na kumpigia simu papo hapo. Na katika picha kumi, moja iwe ya ubaya wa nyumba: ufa uliopo, ngazi iliyoinama, doa lililokuwepo na namna lilivyotibiwa. Madalali wenzangu mnatikisa vichwa, lakini nimefanya hivyo kwa miaka mingi sasa, na simu ninazopigiwa ni chache kuliko zamani, ila wanaopiga hununua.

Siku yenyewe ya kuonesha, mimi hufungua mlango, hufungua madirisha, kisha hutoka nikakaa barazani na funguo mkononi. Huwaacha waingie wenyewe, mama, shangazi na fundi, wapande na kushuka kwa wakati wao, na mwenye nyumba humwomba aende kwa jirani, kwa sababu akiwepo watamsifia mbele yake na kusemezana kweli njiani. Nikisikia ndani wanabishana kitanda kitakaa upande gani, siulizi kitu.

Ndugu Mwenyekiti, nimechukua muda mrefu na wenzangu wanasubiri. Mafundi wa chokaa wameleta vipande viwili vya ukuta wa matumbawe, wameviweka pale nje chini ya mti wa mkungu. Kimoja kimepigwa plasta ya saruji na kimoja ya chokaa, vyote vimepakwa rangi nyeupe ili visitambulikane, vyote vilikaa ndani ya beseni la maji siku nzima, na vyote vimetolewa siku tatu zilizopita. Sitawaambia kipi ni kipi. Nendeni mkatie mikono.